Bafa si kukwama

Kijana mmoja ninayemfundisha C, lugha ya kuandikia programu, hapa Sinza alinionyesha mchezo wa kompyuta alioutengeneza, picha inatetemeka kama taa ya mshumaa. Akajitetea: "Mwalimu, nimeitoa bafa ili isibafe." Mjini hapa "kubafa" ni kukwama, na kila kitu kinabafa: video inabafa, mpira unabafa, hata mtu akisita kujibu, kabafa.

Bafa ni eneo la kumbukumbu linaloshika data kwa muda kati ya anayetoa na anayepokea. Ile aliyoitoa kijana, ya nje ya skrini, ndiyo unayochorea picha nzima pasipoonekana, ikikamilika unainakili kwenye skrini kwa mkupuo mmoja. Basi.

Neno lenyewe ni la Waingereza, na asili yake ni mlio wa pigo linalotua kwenye kitu laini. Baadaye wakaita hivyo vile vyuma vya springi mbele ya mabehewa ya treni, vinavyopokea kishindo ili abiria asitikisike. Kwetu ningesema ni simtanki. Maji ya mgao huja saa nane usiku, tanki linajaa, asubuhi unaoga bila kujua bomba lilikauka saa ngapi. Siku tanki likiisha ndipo unabaki na sabuni usoni. Kile kiduara kinachozunguka kwenye simu kinakwambia tanki limekauka, subiri lijae. Watu wakalichukia tanki.

Kwenye DOS, mfumo endeshi wa zamani wa kompyuta, kisa hiki kilikuwa na hesabu. Skrini ya 320 kwa 200 yenye rangi 256 inataka baiti 64,000, na segmenti moja, yaani kipande kimoja cha kumbukumbu, mwisho wake ni 65,536, kwa hiyo inaenea kwa kujibana. Ya 640 kwa 480 inataka 307,200. Hapo segmenti imeshindwa. Kwenye hali ya ulinzi (protected mode) ya prosesa ya 80386, ukitumia DJGPP, kikusanyaji (compiler) cha C cha DOS, malloc moja, yaani ombi moja la kumbukumbu, inakupa zote. (Ulinzi huo nao si dawa ya virusi. Ni kuzuia programu isiguse kumbukumbu isiyo yake.) Ndiyo maana huwezi kuiandikia 0xA0000, anwani ya skrini, kwa pointa (kielekezi cha anwani) ya kawaida; zile baiti 64,000 za skrini ya 320 kwa 200 unazivusha kwa dosmemput, amri ya DJGPP ya kunakili data kwenda kumbukumbu ya DOS.

Kwa hiyo, mdogo wangu, rudisha malloc yako, hakikisha haijakupa NULL, yaani kumbukumbu imekosekana. Na mpira ukikwama, sema umekwama, au bafa imekauka.