Mabaki ya vitenge kuwa mfarishi wa kitanda

Kila fundi cherehani ana ule mfuko wa salfeti chini ya meza: mabaki ya vitenge, ncha za mikono ya magauni, vipande vya sare za harusi ambazo wenyewe walishazisahau. Watu wanaotaka kuyageuza kuwa mfarishi wa viraka, yaani tandiko la kitanda lililoungwa kwa vipande, huniuliza habari za mshono. Mshono ndio sehemu rahisi, mistari iliyonyooka tu. Mifarishi ninayoletewa kurekebisha mara nyingi iliharibikia mezani, cherehani haijaguswa, kwa kuwa vitambaa visivyopatana vililazwa pamoja.

Kwa hiyo chambua kwanza, na uchambue kwa aina ya nyuzi. Rangi zitasubiri. Siku hizi kitenge cha polista kinafanana mno na cha pamba, hasa kikiwa kipya na bado kina wanga wa kiwandani. Kata kipande kidogo, kishike kwa kibanio juu ya bakuli la maji, ukichome. Pamba huwaka kwa harufu ya karatasi na kuacha majivu laini yanayopeperuka. Polista hujikunja, huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Ukiona dalili zote mbili, nyuzi zimechanganywa. Kiweke upande wa polista.

Kwa nini usumbuke hivi? Pamba hurudi ikifuliwa, polista hairudi. Changanya viwili hivyo, na baada ya kufua mara ya kwanza kila mraba wa polista utavimba katikati ya majirani waliokaza. Halafu kuna pasi: moto unaonyoosha pamba vizuri unaweza kuyeyusha polista. Jinzi na vitambaa vya makoti navyo viweke kando. Ni vizito, vitalivuta pindo la kitenge hadi lichoke. Shona navyo mkeka wa mlangoni.

Vilivyobaki vifue vyote kabla ya kukata, ili virudi sasa na si baadaye. Vyekundu na vya buluu iliyokoza visugue kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Vikiacha alama, vifue peke yake mpaka maji yatoke safi. Ule ushauri wa kuloweka kwenye chumvi nimeusikia tangu nikiwa mwanagenzi. Kitenge cha dukani kinachochuja rangi hakizuiwi na chumvi.

Sasa rangi. Wengi hupanga nyekundu hapa, kijani pale, wakishangaa kwa nini uso mzima unaonekana vurugu. Nyekundu na kijani zinaweza kuwa na giza sawasawa, na jicho likakosa pa kushika. Gawa mafungu mawili, yaliyokoza na yaliyofifia. Ukiwa na shaka, panga vipande sakafuni, vipige picha kwa simu, kisha uigeuze picha iwe nyeusi na nyeupe. Utajua papo hapo kipi kimeingia fungu lisilo lake. Kitenge cha maua makubwa kina tabia mbaya kidogo: kiraka kimoja kitatoka cheusi, kingine njano tupu, vyote kutoka kwenye nguo moja. Vigawe kimoja kimoja.

Hesabu haina ugumu. Godoro la futi 5 kwa 6 ni inchi 60 kwa 72. Kata miraba ya inchi 5 kwa kufuata kipimo cha kadibodi. Robo inchi kila upande itamezwa na mshono, zitabaki nne na nusu. Miraba 18 kwa 18, yaani 324, inatoa inchi 81 kila upande, zinazotosha kuning'inia kushoto, kulia na miguuni. Yadi moja ya kitenge chenye upana wa inchi 45 hutoa miraba 63, kwa hiyo kazi nzima inakula yadi 5 na kidogo.

Kwa cherehani ya miguu mimi hutumia sindano namba 14 kuunganisha, na namba 16 tabaka za uso na mgongo zikishakutana. Mistari ya miraba ipige pasi kwa zamu, mmoja mishono ilale kulia, unaofuata kushoto. Ukiiunganisha, mishono hukaa ubavu kwa ubavu na pembe zinakutana.

Katikati weka blanketi jembamba la zamani kama unaishi kwenye baridi, Lushoto au Makete. Dar es Salaam liache, uso na mgongo vinatosha. Mgongo wa kanga ni mzuri, ila doti moja haitoshi: kanga mbili zikiunganishwa hutoa kama mita 1.5 kwa 2.2, nawe unahitaji zaidi ya mita 2 kila upande. Nunua doti mbili, na usome jina kabla ya kulipa. Mfarishi wa bibi harusi wenye "Hasidi hana sababu" mgongoni utaleta maneno ukweni. Piga bandi tabaka zote, yaani zishikize kwanza kwa mishono ya mkono, kisha shona juu ya mishono kuanzia katikati kwenda nje, ili makunyanzi yakimbilie ukingoni.

Pembe za kwapa na mikato ya shingo usizilazimishe kuwa miraba. Hizo hufaa kwa ushonaji wa Wasidi wa Karnataka, India, watu wenye asili ya Afrika, ambao wengi mababu zao walivushwa bahari wakiwa watumwa. Wanawake wao hushona kawandi, mifarishi yao ya viraka, kwa mkono, kutokana na nguo zilizochakaa, na huenda kinyume cha cherehani: hutandaza kitambaa cha mgongo, huanzia kwenye pembe, huzunguka ukingo kwa bandi fupi fupi, wakiingia ndani mzunguko kwa mzunguko mpaka wakutane katikati. Kila kiraka hukunjwa ukingo na kumlalia jirani kidogo. Uso na mgongo hushikana hapo hapo, na kwenye pembe nne hushonewa vitambaa vilivyokunjwa viitwavyo phula.

Ukitaka kuijaribu, anza na saizi ya mtoto mchanga, na usitumie uzi wa cherehani. Ni mwembamba, bandi zitakatika. Tafuta uzi mnene wa pamba, na fundo lake ulifiche chini ya kiraka.