Ndoa ya morganatiki: maana yake, na mfano wa ukoo wa Binti Mfalme Alice

Ndoa ya morganatiki ni ndoa halali iliyofungwa kati ya mtu wa ukoo unaotawala, mara nyingi mwanamume, na mtu asiye kufu yake kwa nasaba, kwa sharti kwamba mke hatapewa cheo cha mumewe na watoto wao hawatarithi kiti cha enzi wala milki za ukoo wa baba. Isichanganywe na usuria, wala watoto wake wasihesabiwe kuwa wa nje ya ndoa. Kanisa liliibariki, na mume hakuweza kuoa mwingine maadamu mkewe yu hai. Walichonyimwa mke na watoto ni urithi na cheo.

Utaratibu huu ulishika mizizi hasa katika dola za Wajerumani, ambako kuwa kufu kulimaanisha kuzaliwa katika ukoo unaotawala au uliowahi kutawala, na binti wa jenerali au wa kabaila hakutosha hata angekuwa na mali kiasi gani. Nchini Austria, Franz Ferdinand, mrithi wa ufalme, alilazimika kuapa tarehe 28 Juni 1900 kwamba watoto atakaozaa na Sophie Chotek hawatarithi chochote cha enzi, ndipo akaruhusiwa kumwoa. Sheria ya Uingereza haikuitambua ndoa ya aina hiyo. Mwaka 1936 Mfalme Edward VIII alipopendekeza kumwoa Wallis Simpson, Mmarekani aliyewahi kuachika, bila kumfanya malkia, serikali ya Waziri Mkuu Baldwin ilikataa, naye akaacha ufalme.

Mfano ulio wazi zaidi, kwa maoni yangu, ni wa ukoo wa Battenberg, alikozaliwa Binti Mfalme Alice, kwa sababu humo sharti liliwekwa na likafifia mbele ya macho ya waliolishuhudia. Alexander wa Hesse, wa ukoo uliotawala dola hiyo ya Ujerumani, alikuwa na dada aliyeolewa na mrithi wa ufalme wa Urusi, na huko St. Petersburg akampenda Julia Hauke, msaidizi wa dada yake, binti wa jenerali wa Kipolandi aliyeuawa katika maasi ya Warsaw mwaka 1830. Walioana mwaka 1851. Kwa kuwa Julia na watoto wake hawakuweza kuitwa wa Hesse, mtawala wa Hesse, ambaye ni kaka yake Alexander, aliwapa jina la mji mdogo wa Battenberg pamoja na cheo cha kikabaila, kisha mwaka 1858 akakipandisha kiwe cha wana wa mfalme, ingawa cha daraja ya chini.

Nyumba za kifalme za Ujerumani ziliendelea kuwabeza, lakini Malkia Victoria wa Uingereza hakuona tatizo. Mwana mmoja wa Julia, Henry, alimwoa Beatrice, kitinda mimba wa Malkia, na mwingine, Louis, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, akamwoa mjukuu wa Malkia mwaka 1884. Alice, mtoto wa kwanza wa Louis, alizaliwa katika Windsor Castle mwezi Februari 1885, Malkia mwenyewe akiwapo.

Alice alizaliwa kiziwi, akajifunza kusoma midomo ya watu. Mwaka 1903 aliolewa huko Darmstadt na Andrew, mwana wa mfalme wa Ugiriki, wakazaa mabinti wanne na mvulana mmoja, Philip. Mdogo wake Alice, Louise, alikuwa malkia wa Sweden. Mama yao mdogo, Alix, aliolewa na Tsar wa mwisho wa Urusi. Na binti ya Henry akawa malkia wa Hispania. Yaani ndani ya vizazi viwili wajukuu wa Julia, ambaye hakuruhusiwa hata kutumia jina la mumewe, walikuwa wamefika kwenye viti vya enzi.

Undugu huo haukumwepusha Alice na misukosuko. Familia yake ilifukuzwa Ugiriki mwaka 1922, akaugua akili na kulazwa Uswisi, na mwaka 1937 binti yake Cecilie alikufa katika ajali ya ndege. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia wakwe zake walikuwa upande wa Ujerumani na mwanawe katika jeshi la majini la Uingereza, huku yeye akiwa Athens, akiificha nyumbani familia ya Kiyahudi ya Cohen. Wapelelezi wa Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, walipomhoji, alijifanya haelewi wanachosema, kwa kisingizio cha uziwi wake.

Mwaka 1917, kwa sababu ya chuki dhidi ya Wajerumani nchini Uingereza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, baba yake Alice alikuwa amelibadili jina la Battenberg kuwa Mountbatten. Philip alilichukua jina hilo mwaka 1947 alipokuwa akijiandaa kumwoa Elizabeth, ambaye baadaye alikuwa Malkia Elizabeth II wa Uingereza, na mwaka 1960 ikatangazwa kwamba wazao wao wasio na cheo cha kifalme wataitwa Mountbatten-Windsor.