Barakoa ya upanga: maneno ya barazani na ukweli wenyewe

Hapa Lamu ukisema tu unataka kujifunza upanga wa kihistoria, zile panga ndefu za Ulaya za kushika kwa mikono miwili, barazani kila mtu ashakuwa mtaalamu wa barakoa, ile ya wavu wa chuma ya kukinga uso, kabla hujaagiza hata kifungo. Nimeyasikia mengi. Mengine ya kuchekesha tu, mengine yatamtoa mtu jicho.

Linalorudi kila mara ni hili la kirumbizi. "Mbona kwenye Maulidi watu wanapigana bakora na hawavai kitu usoni?" Sawa, lakini kirumbizi ni ngoma, wale wanafuata zumari na wanajuana, na bakora ncha yake nene. Upanga wa mazoezi hata ukiwa butu ni chuma, ncha yake nyembamba nguvu yote inakuja pale pale, na anayekuchoma hafuati mdundo wa ngoma, anatafuta penye upenyo.

Halafu kuna wale wa namba. "Mi nachukua ya 1600, hiyo hata risasi haipiti." Jamani. Ile 350 au 1600 inayoandikwa kwenye barakoa ni nyutoni, yaani kipimo cha nguvu, na inapima kile kitambaa kinachoshuka shingoni kitahimili kuchomwa kwa nguvu gani, wavu wa chuma una vipimo vyake mbali. Ni kweli, ukiweza, nunua ya 1600, manake huwa inakuja na wavu bora pia, ila usijidanganye ni ukuta. Mwaka 1982, mashindano ya dunia ya upanga kule Rome, foili, ule upanga mwembamba mwepesi wa michezo, ilivunjika, kipande kikapita kwenye wavu kikamuua Vladimir Smirnov wa Umoja wa Kisovieti, bingwa wa Olimpiki wa 1980 huyo si mwanafunzi. Baada ya pale ndo sheria za barakoa na mavazi zikakazwa.

Lakini dhana inayoniudhi zaidi ni ile ya kwamba ukishavaa barakoa kichwa kimesalimika. Barakoa hizi zimetengenezwa kwa mchezo wa Olimpiki, ambako foili haifiki hata gramu 500 na epe, upanga mwengine wa mchezo huo, haizidi 770, na kazi yake kubwa ni kuzuia ncha isipite. Upanga mrefu wetu sisi ni kilo moja na nusu hivi, na unashuka toka juu kwa mikono miwili! Wavu hautapasuka, sawa, ubongo ndani utatikisika vile vile. Na ukiigeuza ile barakoa utaona kisogo kiko wazi kabisa, hakuna kitu pale isipokuwa mkanda na ule ulimi wa chuma wa kuishikilia kichwani. Kwa hiyo lazima uongeze kifuniko cha ngozi au sponji nzito cha juu na nyuma, na kinga ngumu ya koo ndani ya kile kitambaa, na juu ya yote mwenzako ajue kupunguza mkono. Ukipigwa ukasikia kichwa kinauma, kichefuchefu, au mwanga unakusumbua, vua, siku hiyo umemaliza, nenda kaonwe na daktari. Hakuna uanaume hapo.

Helmeti ya bodaboda? Hapana. Kioo chake ni plastiki na chini shingo iko nje. Kumpa fundi wa jua kali akushonee wayamesh ya dirisha ndo kabisa usithubutu, barakoa halisi waya wake ni milimita 1 kwenda juu na matundu hayazidi milimita 2.1, na hiyo haikisiwi kwa macho.

Saizi nayo watu wananunua kubwa "ipate hewa". Ivae, inama, tikisa kichwa kwa nguvu: ikicheza, si yako.

Sasa tuje kwa chumvi, hapa ndo pwani inatumaliza. Mtu ananunua stenlesi halafu anaitupa tu, ati haishiki kutu. Inashika. Stenlesi inalindwa na ngozi nyembamba sana juu yake inayotokana na kromiamu, na chumvi ndo inayoitoboa ile ngozi, vidoa vidogo vidogo, na chumvi yenyewe hapa iko kwenye upepo wa kusi iko kwenye jasho lako. Zile za bei nafuu za chuma cha kawaida zilizopakwa rangi nyeusi ndo hatari zaidi kwa maoni yangu, kwa sababu kutu inakula chini kwa chini na juu bado inang'aa. Ukimaliza mazoezi futa wavu kwa kitambaa chenye maji matamu, si maji ya kisima ya munyu, kausha na kitambaa kingine kisha itundike penye upepo na kivuli. Kuifungia kwenye begi ikiwa na jasho ni kuilea kutu. Na ikishashika, usipige msasa ukapaka spirei, msasa unapunguza waya na rangi inakuficha ugonjwa.

Kitambaa usikitie jiki hata kama kimekuwa cha manjano, inakula nyuzi, na usikianike juani siku nzima, jua nalo linazimaliza. Sabuni laini, mkono, kivuli.

Na ikibonyea? Wako wanaogonga kwa nyundo irudi, inarudi kweli, lakini ule waya umekunjwa mara mbili na matundu yameachana. Mashindanoni kuna kifaa cha springi chenye ncha kinachosukuma wavu kwa nguvu ya kilo 12, ukibonyea au ukipita barakoa inatolewa. Nyumbani huna hicho, tumia dole gumba, sukuma sehemu kwa sehemu hasa mbele ya uso, ukisikia pamelegea kuliko kwengine, hiyo itundike ukutani kama pambo na usimuuzie mtu mitumba.