Weka kijiko chini, shika saa

Nikienda kufundisha walezi wa vituo vya watoto, iwe hapa Kisumu au kule Ahero, naanza na swali moja: mtoto akianguka kifafa mbele yako, mkono wako unakimbilia nini? Sijamaliza kuuliza, jibu limeshakuja. Kijiko.

Katika kituo kimoja, mama mpishi alinionyesha mwiko mdogo uliozungushiwa kitambaa, umetundikwa kwenye msumari kando ya mlango. (Wapishi nawaita darasani kila mara. Mtoto huangukia jikoni pia, tena karibu na moto.) Kitambaa kilikuwa na alama za meno. "Huu ni wake, daktari. Tunamwekea asimeze ulimi." Sikumcheka, alikuwa ameutengeneza kwa huruma. Lakini ulimi haumezeki, umeshikwa kwa chini. Ukilazimisha kitu mdomoni, utavunja meno au utaumwa vidole.

Kisha nawaomba tukae kimya dakika tano, simu ikihesabu. Dakika ya pili haijaisha, tayari kuna anayeuliza kama simu imezima. Hapo ndipo somo linapoingia. Mara nyingi mtoto huacha kutetemeka mwenyewe ndani ya dakika mbili tatu. Zikifika tano, au akishikwa tena kabla hajazinduka, tafuta gari la hospitali. Asiyetazama saa huona kila mara kama saa nzima, na siku ya hatari yenyewe haitambui.

Mengine ni mepesi. Ondoa jiko na viti, weka leso chini ya kichwa, usimkandamize. Akitulia mlaze ubavu mate yatoke. Maji wala vidonge asipewe mpaka aamke vizuri na kujibu akiitwa. Na povu haliambukizi! Hili nalirudia, kwani nimeona watu wazima wakitawanyika na kumwacha mtoto peke yake chini.

Daftari ndilo linalonipa kazi. Wanaandika "ameanguka saa nne", basi. Mimi nataka kujua mkono gani ulianza kutetemeka, macho yalielekea wapi, ilichukua dakika ngapi. Na yule anayeduwaa sekunde chache katikati ya sentensi, kisha anaendelea kana kwamba hakuna kitu, naye aandikwe. Huyo shuleni huitwa mtundu asiyesikia.

Halafu dawa. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka, wakipimwa na kutibiwa ipasavyo. Ila dozi zikirukwa, kifafa hurudi, na kuziacha ghafla ni hatari zaidi. Katika kituo hicho hicho nilipekua daftari nikaona watoto wawili wakianguka Jumatatu baada ya Jumatatu. Kumbe ufunguo wa kabati la dawa ulikuwa ukienda nyumbani na mlezi mmoja kila Ijumaa jioni. Siku hizi, kabla sijafungua kinywa kufundisha, nauliza kwanza ufunguo wa pili uko kwa nani.