Kompyuta yako nzito? Tofautisha kwanza RAM na diski

Ukiulizia kompyuta mpakato ya mtumba Kariakoo, muuzaji atakutajia sifa zake kwa mkato: "Core i5, RAM 4, diski 500." Mgeni wa kompyuta huvutiwa na 500 kwa kuwa ndiyo namba kubwa. Kumbe kwa upande wa kasi, hiyo ndiyo isiyokuambia kitu.

Mfikirie fundi cherehani. Yeye mwenyewe ni prosesa, yaani hiyo Core i5. Meza anayokatia ni RAM. Kabati la vitambaa ni diski. Kitambaa hakikatwi kikiwa kabatini, sharti kitandazwe mezani kwanza. Kompyuta nayo ni hivyohivyo: ukifungua programu, inanakiliwa kutoka kwenye diski hadi kwenye RAM, ndipo prosesa inapoanza kutekeleza amri zake, mabilioni kwa sekunde.

Ndani ya RAM kila kitu ni 0 na 1. Herufi A, kwa mfano, ni namba 65, nayo huandikwa 01000001: biti 8, sawa na baiti 1. Kila biti ni chaji ndogo mno ya umeme inayovuja muda wote, hivyo kompyuta huijaza upya mara nyingi kila sekunde. Umeme ukikatika, ujazaji unakoma na meza inafutika. Ndiyo maana kompyuta ya mezani isiyo na UPS (kifaa chenye betri ya akiba) inapoteza barua uliyokuwa ukiichapa, ilhali faili za jana zipo salama kwenye diski. Jizoeze kubonyeza Ctrl na S, ili kazi ihifadhiwe kwenye diski, kila umalizapo aya.

Sasa tuje kwenye uzito wenyewe. Windows ikishawaka tu imechukua sehemu kubwa ya zile gigabaiti 4. Fungua kivinjari chenye kurasa kumi, meza imejaa. Kompyuta haikuambii, inaanza kurudisha baadhi ya vitambaa kabatini na kuvitoa tena kila unapovihitaji. Kama kabati ni diski ya zamani yenye sahani zinazozunguka mara 5,400 kwa dakika, kila safari ni kusubiri sahani ifike chini ya kichwa cha kusomea. Hapo kipanya hugandaganda na taa ya diski haizimiki. SSD, yaani diski ya chipu badala ya sahani, haina kinachozunguka. Hata ile ya kawaida ya SATA (inayounganishwa kama diski ya zamani) husoma takriban megabaiti 500 kwa sekunde, na kwenye vipande vidogo vilivyotawanyika inaiacha diski ya sahani mbali sana.

Kabla hujatoa hela, pima. Kompyuta ikiwa imekwama hivyohivyo, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha fungua sehemu ya Performance. Memory, yaani RAM, ikiwa juu ya asilimia 90, ongeza RAM. Memory ina nafasi lakini Disk imegota 100? Weka SSD. Ikiwa CPU, yaani prosesa, ndiyo iliyojaa na feni inavuma, tafuta programu inayoila, na usafishe vumbi kwenye feni, maana prosesa ikipata joto hupunguza kasi yake yenyewe. Kwa joto la Dar es Salaam, feni iliyoziba ni tatizo la kweli.

Kwenye kununua RAM ndipo watu wanapopoteza fedha. RAM ina aina zake: DDR3 haiingii kwenye nafasi ya DDR4, pengo lake liko mahali tofauti, usilazimishe. Kuna pia DDR3L inayotumia volti 1.35 badala ya 1.5, na mashine nyingi zinazoitaka hazikubali DDR3 ya kawaida. Njia ya uhakika ni kuchomoa kipande cha zamani na kwenda nacho dukani. Zima mashine, toa chaja na betri, gusa chuma kuondoa umeme tuli, ingiza kipande kikiwa kimelala upande, kisha kisukume chini hadi kilie "ta". Skrini ikibaki nyeusi, mara nyingi hakijakaa vizuri. Kichomoe, ukirudishe.

Diski ya 500 itasomeka 465. Hujaibiwa: mtengenezaji huhesabu gigabaiti kwa bilioni kamili, Windows huhesabu kwa 1,024.

Na hiyo "Core i5" uliyotajiwa, omba namba kamili. i5-2520M ni ya 2011 na ina viini 2, kana kwamba ni mafundi wawili ndani ya prosesa moja. I5-8250U ni ya 2017, viini 4. Zote huitwa Core i5. Kwa kuwa Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, na orodha rasmi ya Windows 11 kwa prosesa za Intel huanzia karibu kizazi cha 8, ile ya kwanza, ambayo ni ya kizazi cha 2, ningeiacha dukani hata ikiwa na RAM 8 na SSD mpya.