Ngazija si Komoro nzima

Kila Maulidi tunajaa Riyadha, msikiti ulioanzishwa na Habib Swaleh, mzaliwa wa Ngazija. Lakini ukisikiliza barazani hapa Lamu, utaona Komoro yenyewe hatuijui.

"Wakomoro wote ni Wangazija." La. Ngazija ni kisiwa kimoja, ndiko uliko mji mkuu, Moroni. Nchi iliyopata uhuru tarehe 6 Julai 1975 ina Nzwani na Mwali pia, kati ya Msumbiji na Madagaska. Ardhi yake yote haifiki nusu ya kaunti yetu. Hata hivyo, kumwita mtu wa Nzwani Mngazija ni sawa na kumwita mtu wa Siu, kule Pate, Mwamu, yaani mtu wa mji wa Lamu. Mjaribu uone.

"Shikomori ni Kiswahili kilichoharibika." Hili huniudhi kuliko yote. Shikomori na Kiswahili ni ndugu wa tumbo moja, na Kipokomo na Kimijikenda wamo humo humo; wataalamu huziita lugha za Sabaki. Hakuna iliyoharibika ikawa nyingine. Ukimkaribisha Mkomoro chakula akasema "marahaba", usidhani anaitikia shikamoo ambayo hukuitoa. Anakushukuru.

"Kule mvua tele, maji si shida." Mvua ipo, ila Ngazija haina mto wa kudumu hata mmoja. Kisiwa kimeumbwa na volkano, na mlima Karthala, wenye mita 2,361, ungali hai. Mawe yake yana vitundu. Mvua ikinyesha hunywewa yote. Watu hukinga maji ya mapaa, kama majabia ya wazee wetu.

"Wanaishi kwa samaki." Huvua, ndiyo, lakini wanachouza nje ni karafuu, vanila na mafuta ya mlangilangi, ua lile lile la manukato. Vanila ni kazi ya subira: kila ua huchavushwa kwa mkono. Na nyumba nyingi husimama kwa fedha za jamaa walioko Ufaransa, hasa Marseille.

"Nchi ya Kiislamu, mwanamke hana chake." Ngazija kuna manyahuli: nyumba na ardhi hutoka kwa mama kwenda kwa binti, na mume ndiye anayehamia kwa mkewe. Sisi tuliozoea baba kumjengea binti nyumba tusingepaswa kushangaa.

"Maore nayo ni Komoro tu." Kwa ramani na damu, ndiyo, ni kisiwa cha nne, Mayotte kwa Kifaransa. Lakini mwaka 1974 wengi wa Maore walipiga kura kubaki na Ufaransa, na tangu 2011 ni mkoa kamili wa Ufaransa, jambo ambalo Moroni haikubali. Mwaka 1995 Wafaransa waliweka viza. Tangu hapo watu wa Nzwani huvuka kwa viboti viitwavyo kwasakwasa, takriban kilomita 70 za bahari. Wengi wamezama. Wamo waliokuwa wakienda kwa ndugu zao, wamo wajawazito waliokuwa wakienda kujifungua.