Vidukari wenye mabawa si madume

Tangu masika yaishe, mezani kwetu hapa Arusha, kwenye ukaguzi wa afya ya mimea, yanajirudia maswali mawili. La kwanza huletwa na wakulima wa kabichi, hoho na viazi mviringo, kuanzia Ngaramtoni hadi Siha: wadudu wameota mabawa, madume yameingia shambani, tupige nini? La pili hutoka kwa wauza pembejeo, ambao wateja wao wanadai dawa ya kuua mayai ya vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa mimea. Wanaouliza wana nia njema na hasara yao ni ya kweli. Lakini maswali yote mawili yamesimama juu ya kosa moja, na kosa hilo linakula fedha za mkulima na kuua wadudu ambao tungependa wabaki shambani.

Ninayemzungumzia ni kidukari wa kijani, ambaye kwa jina la kisayansi huitwa Myzus persicae. Neno hilo la pili limetokana na mti wa mpichi, ambao wengine huuita mfyulisi. Nitaurudia mti huo, maana mayai halisi ya kidukari huyu hutagwa huko.

Kwanza jibu. Kidukari mwenye mabawa uliyemwona kwenye hoho zako ni jike. Asiye na mabawa aliye pembeni yake ni jike. Vichanga vinavyomzunguka ni majike, na ndani ya tumbo la kila kichanga tayari kuna majike wengine wanaokua. Hawatagi. Wanazaa watoto hai, bila kupandwa na dume yeyote, na kwa joto letu mtoto huanza kuzaa baada ya wiki moja hivi. Jambo hili si geni kwa sayansi: mwaka 1740 Charles Bonnet wa Geneva alimtenga kidukari mmoja tangu kuzaliwa, akamlinda asikutane na mwenzake, na bado akazaa. Mabawa hayana uhusiano na jinsia hapa. Jani likisongamana au likianza kuchakaa, mama huzaa mabinti watakaoota mabawa ili wahame. Kwa hiyo ukiona wenye mabawa wengi, maana yake ni kwamba msongamano umeshazidi na wanahamia shamba la jirani. Umechelewa kukagua. Hakuna dume aliyeingia.

Basi dume yupo wapi? Yupo katika nchi zenye majira ya baridi kali. Huko, kipupwe kikikaribia, mchana hupungua sana. London, kwa mfano, mwanga wa mchana hudumu zaidi ya saa 16 mwezi Juni na hushuka chini ya saa 8 mwezi Desemba. Tangu miaka ya 1920, kazi za S. Marcovitch huko Marekani zilionyesha kuwa ufupi wa mchana ndio unaowaamsha vidukari kuzaa vizazi vyenye jinsia. Kidukari wa kijani anaposoma dalili hiyo, pamoja na ubaridi, hubadilisha mpangilio wa uzazi wake wote. Kwanza huzaa majike wenye mabawa ambao huacha viazi na kabichi na kurukia mpichi. Hao, wakiwa juu ya mpichi, huzaa aina nyingine ya jike, asiye na mabawa, na huyu ndiye mtagaji. Madume huzaliwa nyuma kidogo, kulekule kwenye mazao ya shambani, kisha nao huruka kuwafuata watagaji. Wakipandana, jike hutaga mayai yanayokaa kwenye mti kipindi chote cha baridi.

Maumbile ya hawa wawili ndiyo ninayotaka yaeleweke, kwa sababu ndiyo tunayoyatafuta chini ya hadubini kila mzigo wa miche unapofunguliwa.

Dume ana mabawa, na kwa macho matupu anafanana mno na jike mwenye mabawa. Wote wana kichwa na kifua cheusi. Ila tumbo la dume ni dogo na jembamba, kwa kuwa hakubeba watoto. Tofauti ya uhakika iko kwenye papasi, yaani ule uzi wa kugusia na kunusia ulio kichwani. Papasi la kidukari huyu lina pingili sita, na juu ya pingili hizo kuna vishimo vya duara vya kunusia. Jike mwenye mabawa anavyo vishimo vya ziada kwenye pingili ya tatu pekee, vimejipanga mstari kama vitundu vya filimbi. Dume anavyo kwenye ya tatu, ya nne na ya tano, vingi na vimetawanyika. Ni lazima awe navyo, maana humtafuta jike kwa harufu. Geuza tumbo lake, na kwenye ncha kwa chini utaona jozi ya vibano na kiungo chake cha kupandia. Mdudu mwenye mabawa asiye na vibano hivyo si dume, hata angekuwa mweusi kiasi gani.

Jike mtagaji hana mabawa na ni mdogo. Mara nyingi rangi yake huelekea kwenye uwaridi au wekundu hafifu badala ya kijani tulichokizoea. Alama yake kubwa ni miguu ya nyuma. Muundi wa mguu huo, yaani sehemu iliyo kati ya goti na kanyagio, umenenepa, na ngozi yake imejaa madoa ya duara yanayong'aa ukimulika kwa chini. Kutoka kwenye madoa hayo hutoka harufu inayomwita dume, na jike huinua miguu hiyo hewani anapoitoa. Kemia ya harufu yenyewe ilitambuliwa mwaka 1987, kwa jamaa yao anayekaa kwenye kunde za nchi za baridi. Tukimsafisha mtagaji kwa dawa za maabara hadi mwanga upite ndani yake, hatukuti vichanga vyenye macho mekundu tumboni kama kwa majike wetu. Tunakuta mayai, tena machache.

Mambo mengine wanachangia wote: mirija miwili iliyosimama mgongoni kwa nyuma, kimkia kifupi, na vinundu viwili vya paji la uso vilivyoinamiana kwa ndani. Hivyo vinundu ndivyo vinavyotuambia kuwa huyu ni kidukari wa kijani na si mwingine. Havisemi lolote kuhusu jinsia.

Yai lenyewe lina urefu wa nusu milimita na ziada kidogo. Hutoka likiwa la kijani au manjano, na baada ya siku chache huwa jeusi linalong'aa kama mbegu ya mchicha. Hubanwa pembeni mwa chipukizi la mpichi au ndani ya nyufa za gome. Halikai kwenye jani la kabichi. Narudia, halikai kwenye jani la kabichi. Na kutoka katika mayai hayo, msimu wa joto ukifika, huanguliwa majike watupu. Kidukari dume ana kromosomu moja ya jinsia ambapo jike ana mbili, na mbegu zake zinazodumu ni zile tu zinazobeba kromosomu hiyo. Ndiyo sababu ukoo mzima huanza upya na mama.

Hapa msomaji makini ataniuliza: kama mchana wetu ni wa saa 12 mwaka mzima, si ni mfupi wa kutosha kuwaamsha? Ni swali zuri. Arusha na Moshi ziko kama nyuzi tatu na ushei kusini mwa ikweta, na tofauti kati ya mchana mrefu na mfupi kuliko yote haifiki nusu saa. Lakini mchana mfupi peke yake hautoshi. Joto huuzima mwito huo. Zaidi ya hapo, koo nyingi za kidukari huyu zilizozoea nchi zisizo na theluji zimepoteza kabisa uwezo wa kutoa watagaji. Zipo koo zinazoweza kuzaa dume mmojammoja huku hazizai jike wa kutaga, kwa hiyo sitamwambia mtu kuwa dume hawezi kuonekana kamwe. Ninachosema ni kwamba dume wa namna hiyo hana wa kupandana naye, na hakuna mayai yatakayotokana naye shambani kwako.

Basi ni nini hicho mnachotuletea kwenye mifuko ya plastiki mkisema ni mayai?

Vile vipande vyeupe vilivyotawanyika juu ya majani ni ngozi. Kidukari hujivua mara nne kabla ya kukomaa, na ngozi hubaki hapo. Kuipulizia ngozi dawa ni kumwaga fedha chini.

Vile vidukari vilivyovimba, vikakauka na kuwa na rangi ya shaba au majani makavu, havijabeba mimba. Vimekufa. Ndani ya kila kimoja kuna mtoto wa nyigu mdogo sana, ambaye mama yake alidunga yai ndani ya kidukari akiwa hai, na mtoto huyo amemla mwenyeji wake. Atatoboa tundu la mviringo mgongoni, atoke, naye aende kudunga wengine. Vijiyai vyeupe vinavyolala kimojakimoja katikati ya vidukari, mithili ya punje ndogo ya mchele, ni vya nzi wa maua, na funza wake hula vidukari kwa wingi. Vinavyosimama juu ya uzi mwembamba kama unywele, na yale mafungu ya manjano yaliyosimama wima yaliyotagwa na mbawakawa wekundu wenye madoa, nayo ni ya wala vidukari. Mkulima anayenunua "dawa ya mayai" anaua wote hawa. Vidukari waliosalia watarudi haraka kuliko walinzi wao, na hapo ndipo tunapopokea malalamiko kwamba dawa ni feki. Mara nyingine ni feki kweli, na tunaomba chupa iletwe na risiti. Mara nyingine dawa ilikuwa halali, na aliyesalia ni jike mmoja mwenye usugu. Kwa kuwa hazai kwa kupandana, mabinti wake wote ni nakala yake, na usugu wanao wote. Ukirudia dawa ya kundi lilelile, unamfagilia njia.

Hili linanisukuma kwenye jambo linalotuhusu kiofisi. Wapo wanaoagiza miche ya mipichi, miplamu na jamii zao kutoka nchi za baridi. Miche hiyo huja bila majani, imelala, na ndiyo sababu waagizaji huamini haina mdudu. Ni katika hali hiyohiyo yai jeusi linaweza kuwa limebanwa kando ya chipukizi. Ukoo ulioingia kwa yai ni ukoo uliochanganya damu, unaoweza kubeba mchanganyiko mpya wa usugu. Na hauhitaji dume ili ustawi hapa. Kidukari wa misaiprasi aliyeonekana Malawi mwaka 1986 alisambaa Afrika Mashariki kwa majike, na misaiprasi ikakauka.

Kwa hiyo utaratibu ni huu, na haurukwi. Kibali cha kuingiza mimea kinaombwa kabla ya kununua miche; kibali kinachoombwa mzigo ukiwa umeshafika Namanga au Holili si kibali. Masharti yaliyoandikwa kwenye kibali anapelekewa muuzaji wa nje, ili mamlaka ya nchi yake ikague na kutoa cheti cha afya ya mimea kinachoyataja masharti hayo. Cheti halisi kinasafiri na mzigo. Nakala ya kwenye simu haitoshi. Mzigo ukifika unatangazwa kwa mkaguzi, iwe mpakani au uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA), na haufunguliwi kabla yake. Akikuta mdudu, mzigo unaweza kutibiwa, kurudishwa au kuteketezwa, na gharama zote ni za mwagizaji. Hata miche mitatu ndani ya begi la nguo ni mzigo. Anayeingiza bila kibali, anayeficha mimea au anayemzuia mkaguzi anatenda kosa chini ya Sheria ya Afya ya Mimea, Namba 4 ya mwaka 2020, na mahakama inaweza kumtoza faini, kumfunga, au vyote viwili. Hatufurahii kumfikisha mtu huko. Wengi hukosea kwa kutouliza, na kuuliza ofisi za Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu kunawezekana kabla ya safari.

Kwa wenye mipichi bustanini, kwenye miteremko ya Meru au Kilimanjaro, tuna ombi. Wakati wa baridi ya Juni na Julai, kagueni vichipukizi kwa lenzi ya mkononi. Ukikuta vijiyai vyeusi vinavyong'aa, au vidukari vya rangi ya waridi visivyo na mabawa, usipulizie chochote. Kata kijiti kizima, kifunge kwa gazeti, kiweke ndani ya mfuko wa karatasi. Wadudu watumbukize kwenye kichupa chenye spiriti, kwa brashi laini iliyoloweshwa. Ukiwashika kwa vidole papasi hukatika, na bila papasi hatuwezi kusema kama ni dume. Andika kwa penseli, kwa sababu wino wa kalamu huyeyuka kwenye spiriti: tarehe, kijiji, aina ya mti, na mti ulitoka wapi. Hilo la mwisho ndilo linalosahaulika, nalo ndilo swali la kwanza tutakalokuuliza.